Matundu ya Ubavuni

"Shangazi, mbona pancha zako zote ziko ubavuni?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, mtoto wa shule ya msingi mwenye pengo la meno ya mbele, na aliuliza huku mikono imezama hadi viwiko ndani ya beseni la maji. Kazi aliyopewa ilikuwa kuizungusha tyubu ya baiskeli taratibu majini mpaka mapovu yatoke, ili Shangazi apaweke kidole na kupabandika kiraka. Mapovu yalikuwa yameshatoka, tena mahali pamoja tu. Lakini mtoto alikuwa ameona jambo jingine. Viraka vya zamani vilijipanga kwenye ubavu wa tyubu kama vifungo vya shati, vyote upande mmoja, na pale chini panapokanyaga barabara palikuwa pazima, peusi, laini, utadhani tyubu imetoka dukani jana.

Shangazi alimtazama mtoto. Akaitazama tyubu. Kisha akasema, "Shika pampu," na jioni nzima hakutamka neno jingine la maana.

Ili mtu aelewe kwa nini alinyamaza, lazima kwanza ajue Shangazi alikuwa nani na alikuwa anaishi na nani.

Alikuwa tarishi wa karakana ya meno ya bandia. Ukilisema hilo watu hucheka, na yeye alishazoea kuwaacha wacheke mpaka wachoke. Asubuhi alipita kwa madaktari wa meno, akakusanya vinywa vya watu vilivyofinyangwa kwa plasta, akavizungushia pamba, akavitia kwenye mkoba wa mgongoni na kuvipeleka kwa mafundi. Jioni alirudisha meno yaliyokwisha kung'arishwa. Wahudumu wote wa mapokezi mjini walimwita Mama Meno. Siku moja askari wa barabarani alimsimamisha na kutaka kuona mkoba una nini. Alipoufungua, seti nzima ya meno ilimchekea usoni, akaufunga mwenyewe na kumwambia nenda mama, nenda tu.

Mwenye karakana, mzee wa miwani minene ambaye hakubakiwa na jino lake hata moja, waliyemwita Babu Fizi, alikuwa amewahi kujaribu kutumia pikipiki. Ilimletea kinywa cha hakimu kikiwa vipande. Plasta mbichi haitaki mitikisiko, na Shangazi juu ya baiskeli yake ya mbio alipita kati ya magari kama uzi kwenye tundu la sindano. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya enzi za usichana wake, alipokuwa akishindana: nyembamba, nyepesi, usukani umepinda kama pembe za kondoo, na magurudumu membamba kiasi kwamba mtu mnene akiyaona anashuka kabla hajapanda. Iliingia kwenye ndoa pamoja naye. Mume wake hakuipenda tangu siku ya kwanza.

Mume alikuwa fundi makochi, na baraza la nyumba yao ndilo lililokuwa kiwanda chake. Majirani walimpenda. Alikuwa mcheshi, mkono wake mwepesi, na kochi lililokufa likipita mikononi mwake linarudi kwa mwenyewe limenona. Mikono hiyohiyo ilimjua Shangazi kwa namna nyingine. Akichelewa kurudi, mume hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa upole kabisa, "Saa ngapi hii?" huku akijifuta gundi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejiandaa kula. Kitambaa kikishatupwa juu ya kiti, Shangazi alijua. Alipigwa ngumi za tumbo na za mgongo, mahali ambapo nguo hufunika. Alisukumwa kichwa kwenye fremu ya mlango. Mara moja alibanwa mkono kwenye droo mpaka kucha mbili zikageuka rangi ya zambarau, na kesho yake akabeba vinywa vya watu kwa vidole vilivyovimba, akawaambia kule kazini kwamba amebanwa na mnyororo.

Na kilichomchelewesha, karibu kila mara, kilikuwa pancha.

Ilikuwa pancha ya ajabu. Asubuhi tairi lilikuwa gumu, unaligonga kwa kidole linalia. Ukifika katikati ya safari linaanza kulegea, baiskeli inakuwa kama inakanyaga uji, na hapo ni kushuka, kupindua baiskeli juu chini pembeni mwa barabara, kutafuta tundu, kubandika, kupampu, huku madaktari wanapiga simu karakana kuuliza meno yao yako wapi. Babu Fizi alimwita pembeni na kumwambia, bila kumtazama usoni, kwamba anampenda kama mwanawe lakini wateja wamechoka, na hali ikiendelea hivi itabidi atafute mtu mwingine. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alichokiona mbele yake akiitikia hakikuwa mshahara. Aliona siku nzima, asubuhi mpaka jioni, ndani ya nyumba ile, na kitambaa kile.

Basi akaamua kutafuta matairi yasiyotoboka.

Muuza matairi, mtu mfupi mwenye sauti nene ambaye kila mtu alimwita Bwana Mpira, aliipenda kazi yake kupita kiasi. Hakuuza kitu kabla hajakuuliza swali moja: barabara yako ina nini? Shangazi akamwambia vioo, misumari na zile nyaya ndogondogo zinazobaki matairi ya malori yakipasuka. Bwana Mpira akafurahi kana kwamba ameletewa zawadi. Akaeleza kwamba tairi jepesi lina mbio lakini ni kama kutembea na soksi. Tairi nene linavumilia lakini linakula miguu ya mpandaji. Katikati kuna haya, akasema, na akashusha tairi lenye ukanda mgumu uliofichwa chini ya mpira, pale pale linapokanyaga ardhi. Ili kumaliza ubishi alichukua ubao wenye msumari uliosimama na kuubamiza juu ya tairi kwa nguvu zake zote. Msumari ukapinda. Wateja wakaguna. Shangazi akanunua mawili, moja la mbele na moja la nyuma, na siku hiyo aliendesha mpaka nyumbani akiimba.

Wiki hiyohiyo alipata pancha. Akachelewa. Akaulizwa saa ngapi hii.

Safari hiyo mbavu zilimuuma kiasi kwamba alishindwa kuinamia tyubu peke yake, akaipeleka kwa kaka yake, akampa mtoto beseni la maji. Hivyo ndivyo swali lilivyomfikia.

Kesho yake Shangazi aliamka mapema, akafika karakana kabla ya wenzake, akakaa chini ya taa ambayo mafundi huitumia kuchonga meno. Akalipindua tairi jipya nje ndani, kisha na la zamani alilokuwa ameliweka pale karakana. Matundu yalikuwa madogo, safi, juu tu ya ukingo wa chuma cha gurudumu, mbali na ule ukanda mgumu aliouuziwa. Yote yalikuwa upande wa mnyororo, upande unaotazama nje baiskeli ikiegemezwa ukutani kwenye ujia wa nyumba yao. Akayasogeza karibu na taa. Hayakuwa ya mviringo kama ya msumari. Yalikuwa na pembe nne, kama nyota iliyobanwa.

Tundu lile alilijua. Alikuwa amelikalia miaka yote ya ndoa yake. Lilikuwa kwenye kila kochi lililotoka barazani kwao, pale uzi mnene unapopita kwenye ngozi. Lilitobolewa kwa msharasi, kile chuma cha ncha kali chenye mpini wa mbao, ambacho mume wake alikipenda kuliko vyombo vyake vyote na hakuruhusu mtu akiguse.

Kwa hiyo mume alikuwa anatengeneza kosa kwa mkono wake, kisha anakaa barazani kulisubiri lirudi nyumbani limechelewa, ili aliadhibu. Alidunga kidogo tu, ubavuni, pumzi itoke polepole, asubuhi akimtakia safari njema.

Shangazi hakulia. Alisikia masikio yamepata moto, basi. Akavifunga vinywa vya siku ile kwa pamba, akafanya kazi yake, na jioni iliyofuata, mume alipotoka kwenda kununua sponji, alichukua msharasi kutoka kwenye mkebe wake, akauficha ndani ya mkoba, katikati ya meno ya wateja, na kwenda nao kwa Bwana Mpira.

Alimwambia anataka tairi lililo gumu ubavuni. Bwana Mpira akakuna kichwa, akauliza ni barabara gani hiyo inayopiga watu kwa pembeni.

"Ipo," alisema Shangazi. "Nina alama zake hapa mgongoni, nikikuonyesha utafunga duka."

Bwana Mpira akaacha kukuna kichwa. Akaingia stoo, akarudi na vipande vya matairi alivyovikata kwa ajili ya maonyesho, akavipanga kaunta. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mengi yana ulinzi chini tu, mbavu zake ni kitambaa na mpira mwembamba, kwa sababu watengenezaji wanafikiria barabara. Machache yana kitambaa kigumu kutoka ukingo hadi ukingo. Hayo ni mazito, hayabonyei, mvua ikinyesha yanateleza kwenye kona, na kuyavalisha kwenye gurudumu yatamtoa kucha.

Shangazi akatoa msharasi. Akashika kipande cha kwanza na kukidunga. Kikatoboka kama siagi. Cha pili kikatoboka. Alidunga kwa nguvu zinazotoka begani, meno yameumana, kaunta ikidunda, na kila akidunga pumzi ilimtoka kwa sauti, mpaka mteja mmoja aliyekuja kununua kengele akairudisha kengele mahali pake na kuondoka kimya. Bwana Mpira hakumzuia. Kipande cha mwisho, cheusi tititi, kiligoma. Ncha ilizama kidogo, ikakwama. Akaongeza nguvu, msharasi ukateleza na kukwaruza kaunta mpaka mwisho.

"Hakuna tairi lisilotoboka, dada," alisema Bwana Mpira. "Lipo linalomchosha mtoboaji."

"Nipe hilo, mawili," alisema Shangazi.

Aliyavalisha karakana, mafundi wawili wakimsaidia kuvuta, na kweli kucha moja ilitoka. Kisha akayapampu mpaka yakawa mawe. Akaurudisha msharasi kwenye mkebe wake.

Yaliyofuata yalitokea jioni, wakati Shangazi yuko jikoni na chungu kiko motoni. Alisikia ujia umekuwa kimya. Halafu akasikia pumzi za mtu anayesukuma kitu. Halafu tena, kwa hasira zaidi, na goti likigonga sakafu. Kisha mlio mfupi, kama wa mbwa aliyekanyagwa.

Mume akatokea mlangoni. Suruali yake ilikuwa imelowa damu kuanzia pajani, na damu ilikuwa inashuka hadi kwenye kandambili. Msharasi bado ulikuwa mkononi.

"Umejichoma na nini?" aliuliza Shangazi.

Lilikuwa swali la kawaida ambalo mke yeyote angeuliza. Mume akautazama msharasi. Jibu alikuwa nalo mkononi na hakuweza kulitoa. Wakatazamana, chungu kikichemka, na katika kutazamana huko kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

Safari hii hakujifuta mikono. Alimpiga mdomoni kwa kitako cha msharasi, jino la mbele likavunjika na mdomo ukajaa chumvi. Alimpiga tena, sikioni. Akamkamata nywele, akamburuta mpaka kwenye ujia, akambamiza uso kwenye tandiko la baiskeli akimwambia aiangalie, aiangalie vizuri huyo bwana wake. Kisha akachukua nyundo ya makochi na kuanza kulipiga gurudumu la mbele. Spoki zikaruka. Rimu ikapinda. Tairi likadunda tu, nyundo ikirudi juu kila inaposhuka, na hilo ndilo lililomtia wazimu kabisa. Akageuka na nyundo kumtazama Shangazi.

Shangazi alikuwa ameishika pampu. Ilikuwa pampu ya chuma, ya zamani, ndefu kama mkono. Aliipeleka kwa mikono miwili kwenye paja lile lililochomwa. Mume akaanguka kwa goti moja. Akaipeleka tena, kwenye mkono wa nyundo, akasikia kitu kimelia ndani ya mkono ule na hakusimama kujua ni nini. Alinyakua mkoba wake ukutani na kuvuta baiskeli, akaruka ngazi za baraza nayo begani, mkoba wa meno ukimpiga mgongoni.

Mume alimfuata mpaka ukingo wa baraza. Alishindwa kukimbia, kwa hiyo akarusha. Alirusha chupa za vanishi, moja baada ya nyingine, kwa mkono uliobaki mzima. Moja ilimpata Shangazi begani. Nyingine zilipasuka mbele yake na kuufunika mtaa mzima kwa vioo, toka ukuta hadi ukuta, na majirani waliompenda fundi wao walikuwa wametoka na kusimama milangoni, hakuna aliyesogea.

Shangazi alipanda baiskeli na kuingia kwenye vioo.

Alivisikia vikitafunwa chini yake. Gurudumu la mbele lililopinda lilikuwa linagonga breki kila mzunguko, likimvuta kushoto, basi akanyoosha kidole na kuifungua breki ya mbele akiwa mwendoni, akabaki na ya nyuma peke yake. Akaendelea kukanyaga. Damu ilimdondoka kidevuni ikaangukia usukani. Alisubiri ule ulegevu anaoujua, ule uji. Haukuja. Alipita mtaa wa kwanza, akapita taa za barabarani, akapanda mlima wa kwenda kwa kaka yake kwa gurudumu linaloyumba kama mlevi, na matairi yalikuwa bado mawe.

Kaka yake alipofungua mlango, Shangazi alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka. Alitema kipande cha jino kwenye kiganja, akatoa pamba kwenye mkoba, akakifunga vizuri kama cha mteja.

Mume alifika karakana asubuhi yake, akichechemea, mkono umefungwa kitambaa. Alizipitia rafu za plasta kwa fimbo. Vinywa vya mji mzima vilivunjikia sakafuni. Alimkuta Shangazi karibu na mashine ya kung'arishia, akamkaba koo mbele ya watu wote na kumbana ukutani mpaka macho yakamtoka. Ni Babu Fizi aliyemwachisha. Alitumia kikombe kizito cha shaba ambamo mafundi hubania meno yakifinyangwa, akampiga nacho nyuma ya sikio, na mafundi wakamkalia mpaka polisi walipofika. Mashahidi walikuwa wengi mno safari hii, na hakukuwa na nguo ya kufunika. Alifungwa. Alipotoka alihamia mbali pamoja na makochi yake.

Jino la Shangazi lilitengenezwa na Babu Fizi mwenyewe. Alimletea rangi zote achague, akashauri ile inayofanana na mengine. Shangazi akachagua jeupe zaidi. Alisema anataka kila mtu alione kabla hajamzoea.

Miaka ikapita. Pengo la yule mtoto liliziba, akaingia sekondari, miguu ikawa mirefu kuliko ya Shangazi. Siku alipokabidhiwa ile baiskeli ya mbio iwe yake, walikwenda wote wawili kwa Bwana Mpira kuchagua matairi. Bwana Mpira, mvi kichwani na sauti ileile, akamuuliza binti barabara yake ina nini. Binti akajibu vioo, miiba, na kokoto kidogo karibu na shule. Basi mbele wakaweka jepesi linaloshika vizuri kwenye kona, na nyuma, ambako uzito wote unakaa, wakaweka lenye ukanda mgumu chini. Mbavu za yote mawili zilikuwa laini.

Binti alilibonyeza ubavu tairi jipya kwa kidole gumba. Likabonyea. Akamwambia Shangazi kwamba kuna swali alimuuliza zamani, kwenye beseni, na mpaka leo anadaiwa jibu.

Shangazi alichukua tairi mikononi mwake, akapitisha kidole pale juu ya ukingo.

"Kwa sababu barabara hupiga chini," alisema. "Huku ubavuni mtu hafiki bila kupiga magoti, na aliyepiga magoti hakufanya kwa bahati mbaya. Siku ile uliponiuliza nilitakiwa kuondoka palepale, mikono ikiwa bado na maji. Mimi nikaenda kununua tairi."